Edward Johnston: Mtoto wa Askari Aliyevifundisha Vibao Kusema

Mahali unapoanzia mto Rusizi, ukitoka Ziwa Kivu kuteremka kwenda Ziwa Tanganyika, nchi mbili zinatazamana. Upande mmoja ni Cyangugu ya Rwanda, na upande wa pili ni mji wa Bukavu katika Kongo. Kati yake limelazwa daraja, na kituo cha mpaka kilichopo hapo kinaitwa Rusizi I. Ukiufuata mto kwa kuteremka utakuta daraja jingine na kituo kingine, nacho kinaitwa Rusizi II. Tunamwomba msomaji ayatazame vema majina hayo mawili. Neno ni lile lile, mto ni ule ule, na mataifa yanayokutana ni yale yale. Kinachotenganisha kituo na kituo ni mstari mmoja tu uliosimama wima.

Wenzetu wa jeshi na wa polisi waliowahi kushika zamu mpakani wanajua uzito wa mstari huo. Mama mwenye kikapu kichwani, aliyeagana na mwenzake wakutane darajani, akiusoma vibaya atafika pasipo na mtu wa kumpokea. Tena wanajua kwamba pale ambapo kibao hakisemi, au kinasema kwa kunong'ona, ni askari ndiye hulazimika kusema badala yake. Huulizwa swali lile lile tangu asubuhi hadi jioni. Na sauti yake ikichoka, subira nayo huchoka, na msafiri asiye na kosa huondoka amekemewa. Kibao kizuri, basi, ni askari wa pili wa lindo. Hakilali, hakikasiriki, hakipokei kitu mkononi, na humjibu tajiri na maskini kwa sauti moja.

Siku hizi vibao vya namna hiyo vimetoka vituoni na kuingia majumbani. Katika miji mingi ya dunia watu huagiza kibao cha kutundika sebuleni, kilichotengenezwa mithili ya kile cha kituo cha treni: duara jekundu lililokatwa katikati na utepe wa buluu, na ndani ya utepe, mahali pa jina la kituo, limeandikwa jina la ukoo, au la mtoto, au la kijiji alikozaliwa mwenye nyumba. Wengine hupenda zaidi kitambaa cheusi chenye majina meupe yaliyopangwa kutoka juu hadi chini, kama kile cha kuzungushwa kilichokaa juu ya kioo cha mbele cha mabasi ya London kuonyesha mwisho wa safari. Badala ya vituo vya basi huorodhesha humo miji yote ambayo jamaa ile imepata kuishi.

Wengi wanaotundika mapambo hayo hawamjui mtu aliyezitengeneza herufi zake, wala hawajui kwamba herufi hizo hazikuzaliwa kuwa pambo. Zilizaliwa kuwa kazi ya umma. Mtu huyo ni marehemu Edward Johnston, na leo twapenda kusimulia maisha yake. Tumemchagua kwa kuwa alikuwa mtoto wa askari, na kwa kuwa kazi aliyoifanya ni jirani wa kazi ya kila mwenye kuvaa sare: kumwongoza mtu asiyemjua, bila kumdanganya wala kumdhalilisha.

Kuzaliwa kwake na ukoo wake

Edward Johnston alizaliwa tarehe 11 Februari, 1872, mbali sana na London. Alizaliwa katika mji wa San José de Mayo, nchini Uruguay, Amerika ya Kusini. Baba yake, Fowell Buxton Johnston, alikuwa mtu wa asili ya Uskoti aliyewahi kuwa ofisa katika kikosi cha askari wapanda farasi cha Uingereza kiitwacho 3rd Dragoon Guards.

Ukoo huo haukuwa mgeni katika habari zinazotuhusu sisi wa Afrika. Bibi yake Edward, yaani mama mzazi wa baba yake, alikuwa Priscilla Buxton, binti wa Sir Thomas Fowell Buxton. Buxton ndiye aliyeongoza katika Bunge la Uingereza mapambano ya kukomesha utumwa katika makoloni ya nchi hiyo, na binti yake alikuwa msaidizi wake mkubwa. Priscilla aliolewa tarehe 1 Agosti, 1834, siku ile ile sheria ya kuwaachia huru watumwa ilipoanza kutumika. Edward, basi, alikuwa kitukuu wa Buxton. Alipokuwa mtoto wa mwaka mmoja tu, mwaka 1873, soko la watumwa la Unguja nalo lilifungwa. Hatusemi kwamba kitukuu alifanya kazi ya babu. Twasema tu kwamba alikulia katika nyumba ambamo mtu wa chini alihesabiwa kuwa mtu.

Mwaka 1875 jamaa hiyo ilirejea Uingereza. Maisha hayakuwa mepesi. Baba alihangaika kutafuta kazi, na mama alikuwa mgonjwa; mtoto akalelewa na shangazi na kufundishwa nyumbani, pasipo kwenda shule kama watoto wengine. Alipenda hesabu, alipenda kuunda vitu kwa mikono yake, na alipenda kuandika na kupamba herufi juu ya karatasi kwa mfano wa vitabu vya kale. Mama yake alifariki mwaka 1891. Kijana alifanya kazi kwa mjomba wake kwa muda, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Edinburgh kusomea udaktari. Afya yake haikumruhusu kuendelea, akaacha masomo kabla ya kuyamaliza.

Hapo wengi wangalimhesabu kuwa mtu aliyeshindwa. Alikuwa na umri wa miaka zaidi ya ishirini na mitano, hana shahada, hana afya, hana mali. Alichokuwa nacho ni kupenda herufi, na kupenda herufi hakukuwa kazi ambayo mtu angeweza kuitaja mbele ya wakwe.

Kalamu ya ncha pana

Mwaka 1898 alikutana na William Lethaby, mjenzi na mwalimu mashuhuri wa sanaa za mikono mjini London. Lethaby aliona kitu katika mkono wa kijana yule. Wakati huo sanaa ya mwandiko mzuri ilikuwa karibu kufa katika Uingereza. Watu walichora herufi kwa kuzizungushia mstari kisha kuzijaza wino, kama mtoto achoravyo nyumba. Wachache mno walikumbuka jinsi waandishi wa kale walivyofanya.

Johnston akaenda katika jumba la makumbusho la British Museum, akakaa mbele ya vitabu vya ngozi vilivyoandikwa kwa mkono miaka mingi kabla ya mashine ya kupiga chapa. Mjuzi mmoja wa vitabu hivyo, Sydney Cockerell, alimwonyesha vile vilivyofaa kuigwa. Kimojawapo kilikuwa kitabu cha Zaburi kilichoandikwa Uingereza katika karne ya kumi, na kutokana nacho Johnston alitunga mwandiko wa msingi ambao wanafunzi wa sanaa hiyo hufundishwa mpaka leo. Aligundua siri iliyokuwa imesahauliwa: herufi za kale hazikuchorwa, ziliandikwa. Ncha ya kalamu ilichongwa pana na bapa. Ikishikwa kwa pembe moja bila kubadilishwa, yenyewe hutoa mstari mnene ikienda upande huu na mwembamba ikienda upande ule. Umbo la herufi linatokana na chombo na mwendo wa mkono, wala si na mapambo yaliyobandikwa baadaye.

Msomaji aliyepitia gwaride ataelewa haraka. Mwendo mzuri wa kikosi hautokani na kila mtu kujitia madaha kwa namna yake. Hutokana na hatua moja, kipimo kimoja, kinachorudiwa mpaka kinakuwa tabia.

Mwezi Septemba 1899 Lethaby alimpa kazi ya kufundisha mwandiko katika chuo cha Central School of Arts and Crafts. Kuanzia mwaka 1901 alifundisha pia katika Royal College of Art. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Eric Gill, ambaye baadaye alipata sifa kubwa kwa uchongaji na kwa kutunga herufi za chapa. Mwaka 1903 Johnston alimwoa Greta Grieg, mwalimu wa shule kutoka Uskoti, na Mungu akawajalia mabinti watatu. Mwaka 1906 alitoa kitabu chake kikubwa juu ya kuandika, kupamba na kuchonga herufi. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kijerumani mwaka 1910 na mwanafunzi wake Anna Simons, na kikaisambaza sanaa hiyo katika Ulaya.

Mwaka 1912 alihamia na jamaa yake katika kijiji cha Ditchling, Sussex, kusini mwa Uingereza. Huko ndiko alikoishi mpaka mwisho wa maisha yake.

Kituo kilichozama katika matangazo

Sasa tumgeukie mtu wa pili, maana bila yeye Johnston angalibaki kuwa fundi wa vitabu vya wachache. Huyo ni Frank Pick, aliyezaliwa mwaka 1878, mwanasheria kwa elimu na mtumishi wa reli kwa kazi. Pick aliingia katika kampuni ya reli ya chini ya ardhi ya London mwaka 1906, na miaka miwili baadaye akakabidhiwa kazi ya matangazo ya kampuni hiyo.

Alikuta balaa. Kuta za vituo zilikuwa zimebandikwa matangazo ya kila namna, na katikati ya kelele hiyo jina la kituo lilikuwa limezama. Abiria aliyechungulia dirishani hakujua kama amefika au amepitiliza. Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini katika vituo vile hata chema hakikuonekana, kwa sababu kibaya kilikuwa kimetembezwa kila mahali. Mwaka 1908 ndipo lilipoanza kutumika duara jekundu lililojaa, lenye ubao wa buluu wa jina katikati yake, ili jina la kituo lisimame peke yake mbele ya macho. Lilikuwa jambo jema, lakini herufi zenyewe zilikuwa bado za mchanganyiko.

Pick alitaka herufi za aina moja kwa kampuni nzima. Alitaka ziwe nyepesi kusomeka, kila moja isiyoweza kudhaniwa kuwa nyingine, na ambazo mtu akiziona popote atajua kwamba hili ni neno la reli wala si tangazo la sabuni. Mwaka 1913 aliletwa kwake Edward Johnston. Mwaka 1915 kazi ilianza kwa dhati. Eric Gill alimsaidia mwalimu wake mwanzoni, kisha akaenda kwenye shughuli zake nyingine, na Johnston akaendelea. Mwaka 1916 herufi zikakabidhiwa na kuanza kutumika.

Tukumbuke huo ulikuwa mwaka gani. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa katikati yake. Ndege kubwa za Wajerumani zilizojazwa gesi zilikuwa zikitupa mabomu juu ya London, na watu walikimbilia vituo vya chini ya ardhi. Mwaka huo huo, huku kwetu, majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yalivuka mpaka wa Kivu na Rusizi na kuingia Rwanda iliyokuwa chini ya Wajerumani, na mwezi Mei yakaingia Kigali. Wakati wapagazi na askari wa Kiafrika wakipanda milima hiyo kwa miguu, mtu mmoja katika kijiji cha Sussex alikuwa akipima unene wa herufi moja dhidi ya urefu wake.

Huenda msomaji akaona kazi hiyo ni mchezo kando ya vita. Na tuitazame kwanza.

Kipimo cha saba kwa moja

Johnston aliweka kanuni. Unene wa mstari uwe sehemu moja ya saba ya urefu wa herufi kubwa. Mstari uwe na unene ule ule toka mwanzo hadi mwisho, usiwe na vikucha wala vishikizo pembeni. Herufi O iwe duara kamili. Umbo la herufi kubwa alilipima kwa herufi za Kirumi za kale, zile zilizo bora kabisa ambazo zimechongwa chini ya mnara wa Trajan mjini Rome, uliozinduliwa mwaka 113 kuwa ukumbusho wa vita vya Kaisari huyo katika nchi ya Dacia. Hivyo herufi za treni ya karne ya ishirini zilichukua uwiano wake katika jiwe la ukumbusho wa askari.

Juu ya herufi ndogo za i na j hakuweka nukta ya mviringo. Aliweka mraba uliosimama juu ya pembe yake, kama almasi, kwa kuwa ndiyo nukta ambayo kalamu yenye ncha pana huacha inapoguswa karatasini. Ndiyo alama ambayo wajuzi huzitambua kwayo herufi zake mara moja.

Lakini linalotuhusu zaidi sisi wa Rusizi I ni herufi ndogo ya l. Katika maandishi mengi yasiyo na vikucha, herufi kubwa ya I na herufi ndogo ya l ni fimbo mbili zilizosimama, wala huwezi kujua ipi ni ipi. Johnston hakuridhika. Mkia wa chini wa l aliukunja kidogo kuelekea kulia. Kwa mkunjo huo mdogo, I ikabaki kuwa I na l ikawa l, hata mbele ya macho ya mzee, hata treni ikiwa mwendoni, hata taa ikiwa hafifu. Mtu aliyepata kuona jina la kituo likisomwa visivyo kwa sababu ya fimbo moja hatasema kwamba huo ni mchezo.

Kisha akaligeuza lile duara jekundu lililojaa. Alilitoboa likawa pete, akasawazisha upana wa pete na wa utepe, na kuliweka jina katikati kwa herufi zake. Alama hiyo ilisajiliwa mwaka 1917 kuwa mali ya kampuni, na ndiyo mama wa vibao vyote vya pete na utepe vinavyotundikwa leo katika kuta za nyumba. Mwaka 1922 akaongeza herufi nyembamba zilizobanwa kwa ajili ya vile vitambaa vya mabasi, ili majina marefu yaenee katika nafasi ndogo bila kupoteza usomekaji. Kwa hiyo aina zote mbili za mapambo tulizozitaja mwanzoni zimetoka katika mkono wa mtu mmoja.

Herufi hizo hazikuuzwa kwa wapiga chapa wengine. Zilibaki mali ya reli peke yake. Ilipofika mwaka 1928, Eric Gill alitoa herufi zake mwenyewe, Gill Sans, zilizojengwa juu ya mafunzo ya mwalimu wake, nazo ziliuzwa kila mahali na kumpa sifa. Johnston alibaki Ditchling na kalamu zake. Mamilioni walizisoma herufi zake kila asubuhi bila kulijua jina lake.

Majina ya askari waliokufa

Hakuwa mtu asiye na kasoro. Waliomjua walijua jinsi alivyochelewa. Kazi iliyoahidiwa kwa wiki ilichukua miezi, na ya miezi ilichukua miaka. Alirudia mstari mmoja mara nyingi; alisimama kufikiri juu ya jambo ambalo mwingine angelipita. Waliomwagiza kazi walikasirika, na mkewe alibeba mzigo wa nyumba yenye fedha kidogo. Waswahili wamesema mwenda pole hajikwai, lakini hawakusema kwamba watoto wake hawatapata njaa. Tunayataja haya ili msomaji asidhani tunamsimulia malaika.

Baada ya vita kuu ile, mji wa Keighley katika jimbo la Yorkshire ulimwomba aandike kwa mkono kitabu cha heshima cha majina ya wenyeji wake waliokufa vitani. Alikifanya kama alivyofanya kila kitu, taratibu, jina baada ya jina. Wasomaji wetu waliowahi kusimama mbele ya mnara wa mashujaa na kutafuta jina la rafiki wanajua ni kwa nini jina lililokosewa ni jeraha la pili. Hapo uvivu wa haraka haukubaliki, na ule uchelewevu uliokuwa kasoro katika biashara ukawa adabu.

Mwaka 1921 wanafunzi wa sanaa yake walianzisha chama cha waandishi na wapambaji wa herufi mjini London. Alifundisha miaka mingi baadaye, na wengi waliomsikiliza wakawa walimu wa wengine.

Nchi iliyovuliwa vibao vyake

Mkewe alifariki mwaka 1936. Johnston alizidi kujitenga, na afya yake, ambayo haikuwa njema tangu ujana, ilizidi kudhoofika. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ilimtunuku nishani ya CBE. Mwaka huo huo vita vikuu vya pili vikaanza.

Hapo ndipo jambo la kustaajabisha lilipotokea. Mwaka 1940, Ufaransa ilipokuwa ikianguka, Uingereza ilitazamia kuvamiwa kutoka pwani ya kusini, na Sussex alikoishi Johnston ilikuwa katika njia hiyo. Serikali iliamuru vibao vya njia panda ving'olewe na majina ya vituo vya reli nje ya miji yafichwe, ili adui akishuka asijue alipo. Makamanda walikuwa wamekubali bila kubishana kwamba kibao ni silaha. Kikiwapo, huongoza, kisipokuwapo, jeshi zima laweza kupotea. Mwananchi mwenyewe aliweza kupotea katika wilaya yake, na mgeni aulizaye njia alishukiwa.

Ila chini ya ardhi ya London herufi zilibaki. Mabomu yalipoanza kunyesha usiku, watu kwa maelfu waliteremka na matandiko yao na kulala katika vituo vya treni, watoto kwa wazee, chini ya pete nyekundu na utepe wa buluu. Johnston alikuwa amezitengeneza kumwonyesha abiria pa kushuka. Sasa zilikuwa zimetundikwa juu ya vitanda vya watu, na ukuta wa kituo ukawa ukuta wa chumba cha kulala. Kibao cha safari kiliingia nyumbani kwa mara ya kwanza kwa njia hiyo, kabla ya muuza mapambo kukifikiria.

Edward Johnston alifariki nyumbani kwake Ditchling tarehe 26 Novemba, 1944, akiwa na umri wa miaka 72, kabla vita havijaisha. Frank Pick alikuwa amemtangulia mwaka 1941. Binti yake Johnston, Priscilla, mwenye jina moja na yule bibi wa mapambano ya utumwa, aliandika habari za maisha yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1959.

Herufi zake hazikuzikwa pamoja naye. Mwaka 1979 Eiichi Kono, mtaalamu Mjapani aliyefanya kazi London, alizifanyia marekebisho ili zifae mitambo mipya ya chapa. Mwaka 2016, zilipotimiza miaka mia moja, zilitengenezwa tena, na safari hii zikaongezewa alama zinazohitajika katika simu na kompyuta. Yule mkia wa l na ile almasi juu ya i havikuondolewa.

Kibao ukutani

Tumesema mwanzoni kwamba watu wengi sasa hutundika vibao vya namna hiyo majumbani. Hatuoni ubaya. Kwa mtu wa sare twaona hata wema. Raia aweza kuishi miaka arobaini katika kijiji kimoja. Askari huhamishwa. Leo yuko chuo cha mafunzo, kesho mpakani, mwaka ujao katika kambi ya mkoa asioujua, na watoto wake hubadili shule kabla hawajazoea majina ya wenzao. Nyumba ya serikali si yake, na samani nyingine si zake. Kitambaa cheusi kilichoorodheshwa vituo vyote alivyopitia, kuanzia kijiji chake, ni kitu kinachokunjwa na kufunguliwa tena katika nyumba mpya. Mtoto atasoma: hapa ndipo nilipozaliwa, hapa ndipo tulipompoteza babu, hapa ndipo tulipo. Ni pambo, na ni hati ya utumishi pia.

Ila anayetaka kibao hicho na ajifunze kwa Johnston. Aandike jina kwa usahihi. Aache nafasi ya kutosha pembeni, maana herufi nayo huhitaji kupumua. Asitie maua wala vivuli. Tena akumbuke kwamba ile pete na utepe wa London ni alama iliyosajiliwa, na mwenye kutengeneza vitu vya kuuza kwa alama hiyo hana budi kupata ruhusa ya wenyewe.

La mwisho ni zito zaidi. Kibao cha ukutani kiwe kimetengenezwa, kisiwe kimeng'olewa. Wapo wanaokata vibao vya barabarani kwa ajili ya chuma chake, na wapo wanaovibeba kwenda navyo nyumbani kwa ajili ya uzuri wake. Kona iliyopotezewa kibao chake haitangazi msiba kabla haujatokea. Polisi wa usalama barabarani ndiye huitwa baadaye kuhesabu. Waingereza mwaka 1940 walivua vibao vyao ili kumpoteza adui. Anayeving'oa wakati wa amani anampoteza nani, kama si jirani yake mwenyewe?

Jioni, shughuli zinapopungua darajani, huja mtu mmoja aliyechelewa, hana lugha ya mahali, ameshika karatasi yenye jina la kituo. Hainua kichwa kumtafuta askari kwanza. Huinua kichwa kutafuta kibao. Johnston aliifanya kazi yake kwa ajili ya mtu huyo, hata ule mkia wa herufi moja. Tumeona yafaa wale wanaosimama karibu na kibao hicho kila siku walijue jina lake.